Hitilafu ya kuandika diskini

Hitilafu ya kuandika diskini ni hali inayotokea pale programu ya kompyuta inapojaribu kuhifadhi data kwenye diski, lakini data hiyo, yote au sehemu yake, haifiki huko au inafika ikiwa imeharibika. Neno "diski" katika makala hii linamaanisha chombo chochote cha kuhifadhia data: flopi, diski kuu ya kompyuta, kadi ya kumbukumbu au flashi.

Kushughulikia hitilafu hiyo kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kugundua, yaani programu yenyewe kutambua kwamba kuandika kumeshindikana. Ya pili ni kuripoti, yaani programu kumjulisha mtumiaji, au programu nyingine iliyoiita, kwa namna isiyoweza kupuuzwa kwa urahisi. Programu nyingi za mifumo ya uendeshaji ya zamani, kama vile CP/M, MS-DOS na Unix ya miaka ya 1970 na 1980, zilikuwa na udhaifu katika sehemu moja au zote mbili. Zilimaliza kazi bila kusema lolote, na mtumiaji akachukulia kimya hicho kuwa ishara ya mafanikio.

Hitilafu ya kuandika ina hatari kuliko hitilafu ya kusoma. Anayeshindwa kusoma faili anajua papo hapo kwamba kuna tatizo. Anayeshindwa kuandika anaweza kugundua baada ya wiki au miezi, wakati karatasi alizonakili zimeshatupwa na hakuna tena pa kuirudisha data hiyo.

Safari ya data hadi diskini

Ili kuelewa kwa nini hitilafu hupotea bila kuonekana, ni lazima kujua kwamba data haiendi moja kwa moja kutoka kwenye programu hadi kwenye diski. Katika mifumo mingi hupitia vituo vinne:

1. Bafa ya programu. Bafa ni sehemu ndogo ya kumbukumbu ambamo programu hukusanya data kidogo kidogo, mara nyingi baiti 512, 4,096 au zaidi, kabla ya kuikabidhi kwa mfumo wa uendeshaji. Hufanya hivyo kwa sababu kuuita mfumo kwa kila herufi kungechelewesha kazi.
2. Kache ya kerneli. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, hupokea data na kuiweka kwenye RAM, kisha huiambia programu kwamba imepokea. Kuandika kwenyewe hufanyika baadaye.
3. Kidhibiti cha diski. Diski nyingi zina kumbukumbu yao ndogo, na zinaweza kujibu "tayari" kabla data haijakaa mahali pa kudumu.
4. Diski yenyewe. Hapa ndipo data hudumu hata umeme ukikatika.

Katika kila kituo hitilafu inaweza kutokea, na kadiri inavyotokea mbali na programu ndivyo habari zake zinavyochelewa kurudi. Programu ikiandika mstari wa mwisho na kufungwa, kisha diski ikashindwa sekunde 20 baadaye, hakuna tena programu ya kupokea taarifa hiyo.

Sababu za hitilafu

Sababu zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Diski kujaa. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Flopi ya inchi 3.5 iliyotumika sana miaka ya 1990 ilikuwa na nafasi ya baiti 1,474,560 tu, ikiwa pamoja na nafasi ya orodha ya mafaili.
- Kikomo cha mtumiaji. Katika kompyuta za watu wengi kila mtumiaji hupewa kiasi chake, na anaweza kufikia kikomo hata kama diski yenyewe ina nafasi.
- Kinga ya kuandika. Flopi ya inchi 3.5 ina kitufe kidogo cha plastiki. Tundu likiwa wazi, diski haiandikiki. Flopi ya inchi 5.25 ilizibwa pembeni kwa karatasi ya gundi. Kadi nyingi za SD pia zina kitufe cha aina hii.
- Sekta mbovu. Vumbi, joto, unyevu au uchakavu huharibu sehemu ya diski.
- Chombo kuondolewa mapema. Flopi au flashi inachomolewa wakati data bado iko kwenye kache.
- Umeme kukatika kabla kache haijamwagwa diskini.
- Mtandao kukatika, kama diski iko kwenye kompyuta nyingine.

Historia

Kanda za sumaku

Katika kompyuta za miaka ya 1950 wahandisi walichukulia kwamba chombo cha kuandikia kitakosea. Mashine za kanda za IBM 729 zilikuwa na kichwa cha kusomea kilichowekwa mara tu baada ya kichwa cha kuandikia. Kila kilichoandikwa kilisomwa tena papo hapo, na mashine ikatoa ishara kama kulikuwa na tofauti. Ukaguzi huo ulifanywa na mashine yenyewe bila kumtegemea mwandishi wa programu.

CP/M

CP/M, mfumo uliotungwa na Gary Kildall katikati ya miaka ya 1970, ulitumika sana kwenye kompyuta ndogo za kwanza. Diski ikishindwa, mfumo uliandika kwenye skrini ujumbe mfupi kama "Bdos Err On A: Bad Sector". Mtumiaji alikuwa na njia mbili: kubonyeza Control-C na kuanzisha mfumo upya, hivyo kupoteza kazi iliyokuwa kwenye kumbukumbu, au kubonyeza Return na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ujumbe mwingine, unaoishia na herufi "R/O", ulitokea pale mtumiaji alipobadilisha flopi bila kuujulisha mfumo. CP/M iliichukulia flopi hiyo mpya kuwa ya kusomwa tu. Kinga hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu kuandika kwenye flopi mpya kwa kufuata ramani ya flopi ya zamani kungeharibu mafaili. Lakini baada ya ujumbe huo kibonyezo chochote kilianzisha mfumo upya, na barua iliyokuwa ikiandikwa ikapotea. Hitilafu iligunduliwa na kuripotiwa, ila mtumiaji hakuachiwa nafasi ya kuokoa kazi yake.

Diski ikijaa, CP/M haikuonyesha chochote yenyewe. Ilirudisha namba kwa programu, na programu ndiyo iliyopaswa kuiangalia.

MS-DOS

MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, iliweka swali ambalo watumiaji wengi wa umri fulani bado wanalikumbuka: "Abort, Retry, Ignore?", yaani acha, jaribu tena, au puuza. Katika matoleo ya baadaye likaongezwa chaguo la "Fail". Kuacha kuliua programu pamoja na data iliyokuwa haijahifadhiwa. Kupuuza kuliifanya programu iamini kwamba imefaulu. "Fail" ilikuwa bora zaidi, kwa kuwa iliirudishia programu taarifa ya kushindwa, lakini ilisaidia tu kama mwandishi wa programu aliandika sehemu ya kuipokea taarifa hiyo. Programu makini ziliweka kishughulikia hitilafu chao wenyewe, kupitia katizo namba 24h, ili zimwonyeshe mtumiaji ujumbe unaoeleweka na kumruhusu aweke flopi nyingine.

Swali hilo lilihusu matatizo ya mashine, kama vile flopi iliyozuiwa au mlango wa kiendeshi ulioachwa wazi. Kwa diski iliyojaa, MS-DOS ilikuwa na mtego. Programu ilipoomba kuandika baiti 1,000 na nafasi ikawepo ya 400 tu, mfumo uliandika 400 na kurudisha namba 400, bila kuwasha alama ya hitilafu. Programu iliyoangalia alama peke yake iliona kila kitu ni sawa. Iliyolinganisha namba mbili, iliyoombwa na iliyorudishwa, ndiyo iliyogundua.

MS-DOS pia ilikuwa na amri ya VERIFY, iliyoufanya mfumo usome tena kila ilichoandika. Amri hiyo iliangalia kama sekta inasomeka. Haikulinganisha yaliyomo na data ya awali.

Mwaka 1993 toleo la 6.0 lilikuja na kache ya SMARTDrive iliyochelewesha kuandika. Alama ya kusubiri amri ilirudi kwenye skrini kabla data haijafika diskini, na watumiaji waliozoea kuzima kompyuta mara waonapo alama hiyo walipoteza mafaili. Toleo la 6.2 la mwaka huohuo lilirekebisha jambo hilo: data humwagwa kwanza, ndipo alama inapoonekana.

Unix

Katika Unix, mwito wa mfumo unaoitwa write hurudisha idadi ya baiti zilizopokelewa, au −1 kukiwa na hitilafu. Sababu huwekwa katika namba inayoitwa errno: kwa mfano ENOSPC kwa diski iliyojaa na EIO kwa hitilafu ya mashine. Mpango huu ni mzuri, lakini ulikuwa na mapengo mawili.

Pengo la kwanza lilikuwa katika kerneli. Kwa kuwa Unix ilichelewesha kuandika ili kuongeza kasi, hitilafu ya diski iliweza kutokea baada ya write kujibu kwamba imefaulu. Kerneli haikuwa na wa kumwambia, hivyo iliandika mstari kwenye konsoli, skrini kuu ya mashine, ukitaja namba ya kifaa na namba ya bloku. Opereta aliyekaa mbele ya konsoli aliuona, lakini mwenye faili, aliyekuwa chumba kingine, hakuuona. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alikiri udhaifu huu katika makala yake ya mwaka 1978 kuhusu utekelezaji wa mfumo huo: kuandika kwa kuchelewa kulifanya iwe vigumu sana kuripoti hitilafu kwa programu inayohusika.

Pengo la pili lilikuwa katika programu zenyewe. Lugha ya C ilipopata maktaba yake ya kuingiza na kutoa data, programu zilianza kuandika kwa printf na kuacha maktaba imwage bafa mwishoni. Maktaba hukumbuka kwamba hitilafu imetokea, lakini haisemi mpaka iulizwe, na programu nyingi hazikuuliza. Amri ya kunakili faili, cp, ilikagua kila kilichoandikwa tangu zamani, kwa sababu kazi yake yote ni kuandika. Programu zilizopeleka matokeo yao kwenye skrini, kama zile za kupanga au kuchuja mistari, hazikukagua, kwa kuwa waandishi wake hawakufikiria kwamba skrini inaweza kujaa. Lakini katika Unix mtumiaji anaweza kuyaelekeza matokeo ya programu yoyote kwenye faili kwa alama ya >, na hapo skrini inageuka kuwa diski bila programu kujua.

Mafaili ya mtandaoni

Mfumo wa NFS wa kampuni ya Sun Microsystems, ulioenea kuanzia katikati ya miaka ya 1980, uliwezesha faili kukaa kwenye kompyuta ya mbali. Upande wa mteja ulikusanya data na kuituma baadaye, hivyo taarifa ya "diski imejaa" iliweza kurudi wakati wa kufunga faili tu, yaani katika mwito wa close. Hadi wakati huo waandishi wengi waliona close kuwa mwito usioweza kushindwa. Programu zilizokuwa salama kwenye diski ya ndani zikaanza kupoteza data kwenye mtandao.

Marekebisho ya GNU

Mradi wa GNU ulipoandika upya zana za Unix, watunzaji wake, hasa Jim Meyering, waliamua kwamba kila zana ikague matokeo yake kabla ya kuisha. Waliweka kazi moja ndogo, close_stdout, inayoitwa programu inapomaliza. Kazi hiyo hufunga mkondo wa matokeo, huuliza kama kulikuwa na hitilafu yoyote, na ikiwa ipo huandika ujumbe na kuipa programu namba ya kuishia isiyo sifuri. Njia hii iko katika coreutils, mkusanyo wa zana za msingi unaotumika kwenye mifumo mingi ya Linux.

Tatizo la fsync

Mwito wa fsync humtaka kerneli amwage kache ya faili fulani diskini na kusubiri mpaka kazi iishe. Kwa miaka mingi ulichukuliwa kuwa neno la mwisho. Mwaka 2018 watunzaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba katika Linux fsync ikishindwa mara moja, mwito wa pili unaweza kujibu kwamba umefaulu ingawa data haikuandikwa, kwa sababu kerneli ilikuwa imeshaacha kuihesabu data hiyo kuwa inasubiri kuandikwa. PostgreSQL ilikuwa na desturi ya kujaribu tena. Mwaka 2019 ilibadilishwa isimame mara fsync inaposhindwa na kuijenga upya data kutoka kwenye kumbukumbu zake za mabadiliko. Kisa hiki kinaonyesha kwamba tatizo halikuisha pamoja na mifumo ya zamani.

Mfano: daftari la mizani

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini unafuata utendaji halisi wa programu nyingi za zamani.

Nkwenda ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012. Kama kwingine Kagera, wakulima wengi huuza kahawa ya robusta kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Karani wa mizani huandika jina la mkulima na kilo alizoleta, na malipo yote, pamoja na malipo ya pili kama yapo, hutegemea daftari hilo.

Tuseme karani anaingiza daftari katika kompyuta kuukuu yenye programu ya zamani. Siku hiyo wamepima wakulima 300. Kila mkulima ana mstari wa baiti 64, hivyo faili zima ni baiti 19,200. Bafa ya programu ni baiti 4,096, yaani mistari 64. Diski imebakiwa na nafasi ya baiti 16,384.

Programu inajaza bafa mara nne na kuimwaga mara nne: mistari 256 inaandikwa bila tatizo, na diski imejaa kabisa. Mistari 44 ya mwisho, baiti 2,816, inabaki kwenye bafa ikisubiri faili lifungwe. Karani anachagua "Hifadhi". Programu inafunga faili. Mfumo unajibu kwamba hakuna nafasi. Programu haisikilizi jibu hilo, na inaandika kwenye skrini "Imehifadhiwa". Karani anazima kompyuta.

Faili linafunguka vizuri kesho yake. Halina dalili ya kuharibika, kwa sababu limekatika penye mwisho wa mstari. Waliopotea ni wakulima 44 waliopimwa mwisho, na mara nyingi hao ndio waliotoka mbali. Kama stakabadhi zao za karatasi hazipo, hakuna ushahidi kwamba walileta kahawa.

Programu ingeweza kuzuia hasara hii kwa kuangalia jibu la mfumo wakati wa kufunga faili. Karani naye angeweza kuizuia kwa desturi ya zamani ya kazi ya ukarani: kuhesabu mistari iliyo kwenye faili na kuilinganisha na hesabu ya daftari, 256 dhidi ya 300, kabla ya kuondoka mezani.

Jinsi programu inavyogundua

Programu inayotaka kuwa na uhakika hufuata hatua hizi:

1. Kulinganisha namba. Kila mwito wa kuandika unaporudi, idadi ya baiti zilizopokelewa hulinganishwa na idadi iliyoombwa. Ikiwa ni pungufu, programu hujaribu kuandika zilizobaki, na hapo sababu ya kushindwa hujulikana.
2. Kumwaga bafa na kuuliza. Katika C, fflush na ferror hutumika kwa kazi hii.
3. Kuita fsync pale ambapo data ni ya thamani.
4. Kufunga faili na kuangalia jibu la kufunga.
5. Kusema "imehifadhiwa" baada ya hatua zote kupita, na si kabla.

Jambo jingine muhimu ni kutoliharibu faili la zamani kabla jipya halijakamilika. Programu nyingi hufungua faili lililopo kwa kulifuta kwanza yaliyomo. Diski ikiwa imejaa, mtumiaji hupoteza maandishi mapya na ya zamani kwa pamoja. Njia salama ni kuandika faili jipya lenye jina la muda, kulikagua kwa hatua zilizotajwa, kisha kulipa jina la faili la zamani. WordStar, programu ya kuandikia barua iliyoenea wakati wa CP/M na MS-DOS, ililinda watumiaji kwa njia inayokaribiana na hiyo: ililiacha toleo lililotangulia likiwa na mwisho wa jina ".BAK".

Jinsi ya kuripoti

Ripoti ina wasikilizaji wawili. Wa kwanza ni programu nyingine. Katika Unix na MS-DOS kila programu inapoisha huacha namba: sifuri ni mafanikio, na namba nyingine ni kushindwa. Amri zinazofuatana hutegemea namba hiyo. Kwa mfano, kazi ya usiku inayotengeneza nakala rudufu na kisha kufuta mafaili ya awali ni salama tu kama hatua ya kwanza hurudisha namba ya kweli. Ikirudisha sifuri wakati diski imejaa, hatua ya pili itafuta nakala pekee iliyobaki.

Msikilizaji wa pili ni mtu. Ujumbe kwake huandikwa kwenye mkondo wa makosa, ulio tofauti na mkondo wa matokeo, kwa sababu kama matokeo yanakwenda kwenye diski iliyojaa, ujumbe nao ungepotelea hukohuko. Ujumbe mzuri hutaja mambo manne: programu gani, faili lipi, kitendo gani kilishindikana na kwa sababu gani. Ukiongeza jambo la tano, nini cha kufanya sasa, ni bora zaidi. Linganisha jumbe mbili:

"Kosa 28."

"mizani: imeshindwa kuandika faili daftari.csv: diski imejaa. Mistari 256 kati ya 300 imehifadhiwa. Usifunge programu, ongeza nafasi kisha hifadhi tena."

Ujumbe wa kwanza ni wa kweli, kwani 28 ndiyo namba ya ENOSPC katika Linux, lakini haumsaidii karani.

Lugha ya ujumbe nayo ni sehemu ya kuripoti. Kwa miaka mingi watumiaji wa Afrika Mashariki walipata jumbe za hitilafu kwa Kiingereza pekee, na wengi walijifunza kubonyeza kitufe kinachouondoa ujumbe bila kuusoma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice.org. Kazi kama hiyo haiishii kwenye majina ya menyu. Jumbe za hitilafu ni nyingi na ndizo zinazohitajika zaidi mtumiaji anapokuwa mashakani.

Kupima programu

Hitilafu ya diski haitokei kila siku, hivyo sehemu ya programu inayoishughulikia mara nyingi haijawahi kujaribiwa. Linux ina kifaa cha kubuni kinachoitwa /dev/full, ambacho hujibu kila ombi la kuandika kwamba hakuna nafasi. Kuelekeza matokeo ya programu huko kunatosha kuonyesha kama inakagua au la. Programu ikimaliza kimya na kurudisha sifuri, haikagui. Hata programu fupi ya wanafunzi inayoandika salamu moja kwenye skrini hufeli jaribio hili kama inatumia printf peke yake.

Wasio na Linux walitumia njia rahisi: flopi iliyojazwa karibu yote, au iliyozibwa kinga ya kuandika, kisha kuangalia programu inasema nini.

Afrika Mashariki

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kompyuta ndogo zilienea zaidi miaka ya 1980 na 1990, na kwa wengi mfumo wa kwanza kuufahamu ulikuwa MS-DOS pamoja na flopi zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya moja kwa moja, barua pepe za vyuo, hospitali na mashirika ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilipita katika mitandao ya FidoNet. Kompyuta ya kawaida ilipokea vifurushi vya barua kwa njia ya simu, ikaviweka diskini, kisha ikavisukuma mbele. Katika mpango wa aina hiyo kompyuta ya katikati hubeba dhamana kubwa: ikikiri kupokea kifurushi ambacho haikuweza kukiandika diskini, aliyetuma hufuta nakala yake na barua haipo tena popote.

Leo tatizo linalowasumbua wengi ni flashi na kadi bandia zinazouzwa madukani na mitaani. Chombo kama hicho hudai kuwa na nafasi kubwa, kwa mfano GB 64, wakati ndani kina GB 8. Kidhibiti chake hupokea data yote na kujibu kwamba imeandikwa, lakini iliyozidi nafasi halisi huandikwa juu ya nyingine au hutupwa. Hapa hata programu inayokagua kila jibu hudanganyika, kwa sababu anayesema uongo ni chombo chenyewe. Njia pekee ni ile ya kanda za miaka ya 1950: kuandika, kisha kusoma tena na kulinganisha. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hufanya hivyo kwa kukijaza chombo kizima data inayojulikana na kuisoma upya.

Tahadhari kwa mtumiaji

- Angalia nafasi iliyobaki kabla ya kuhifadhi faili kubwa.
- Tumia amri ya kuondoa chombo kwa usalama kabla ya kuchomoa flashi. Amri hiyo humwaga kache.
- Baada ya kunakili jambo la thamani, chomoa chombo, kichomeke tena, kisha fungua faili. Bila kuchomoa, kompyuta inaweza kukuonyesha nakala iliyo kwenye RAM.
- Linganisha hesabu: idadi ya mistari, jumla ya kilo au ukubwa wa faili.
- Usitupe karatasi au kufuta nakala ya awali mpaka nakala mpya isomeke kwenye kompyuta nyingine.
- Ujumbe wa hitilafu ukitokea, unakili jinsi ulivyo kabla ya kuuondoa. Fundi atauhitaji.

Tazama pia

Mfumo wa uendeshaji
Unix
MS-DOS
Diski kuu
Nakala rudufu
Nkwenda